Sanduku la Siri la Tawi Letu Halipati Hata Karatasi Moja

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Kagarama, ninakoongoza tawi la benki. Pole na kazi ya kusoma malalamiko ya watu, nami naomba nafasi nilie kidogo.

Mwezi wa saba nilisaini imihigo, ile ahadi yetu ya kazi ya mwaka, kwamba wafanyakazi wangu wataripoti maovu kumi na mawili. Mpaka leo ni sifuri. Tathmini ni Ijumaa, na tawi linaloshika mkia huondolewa meneja. Mhariri, nimewakosea nini watu hawa?

1. Niliwawekea sanduku la siri. Lisije likaibiwa, liko juu ya meza yangu, na ufunguo nalala nao. Fomu ni rahisi: jina, namba ya kitambulisho, saini na picha mbili za pasipoti.

2. Anayeripoti tunamuenzi. Mwezi wa sita, kabla sijasaini imihigo, Mukabalisa wa dirishani alipotueleza kwamba naibu wangu anaghushi saini za wateja, nilimwita mbele kwenye kikao cha asubuhi, tukampigia makofi, na naibu mwenyewe akampa mkono. Juma lililofuata akapata uhamisho wa heshima hadi mpakani, mbali na mumewe na mtoto anayenyonya. Uchunguzi tulimkabidhi naibu, maana ndiye anayelijua jambo hilo vizuri.

3. Connie wa mikopo, kila nikimuuliza ameona kosa gani, hunijibu, "Iko sawa tu, patron." Kila siku iko sawa! Nimempa mpaka Alhamisi. Asipoleta kosa, nitampa barua ya onyo kwa kosa la kutoona makosa.

4. Ihirwe aliniuliza kama anayeripoti ana ulinzi. Nilimhakikishia kuwa upo: askari wawili getini, tena wana bunduki. Akaondoka anatikisa kichwa.

Naomba gazeti lako liwakemee. Waambie ukweli kwamba mtu mwadilifu husema alichokiona bila kujali cheo wala mshahara. Woga wao unanitia aibu, na sasa utanitoa kazini.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mama watoto pia.

Wako katika uadilifu,
Révérien Mugenzi,
Meneja wa Tawi

N.B. Tafadhali futa jina langu, na Kagarama usiitaje. Jumatatu mkurugenzi wetu aliniletea maombi ya mkopo ya mtu ambaye mimi na yeye tulimzika mwaka jana. Nimeyasaini. Nina watoto watatu shuleni, Mhariri.