Mashine Inayonirudisha Mlangoni

Jumatatu, 6 Novemba

"Linux ni ya watu wasio na kazi." Hédi Kammoun, muuza programu, ameyasema haya leo mkahawani, kwa sauti, mbele ya watu wanaokula lablabi, supu yao ya dengu, kwa amani. Uongo mtupu! Mimi nimeandika makala mia mbili na kumi za kutetea programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzinakili, nyingi zikimtaja Kammoun kwa jina, na zote nimeziandika kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux. Mtu asiye na kazi angeyaweza hayo?

Anajua anachokitafuta. Jumamosi kamati ya chumba cha kusomea cha mtaa wetu hapa Sfax inapiga kura. Kompyuta nane nilizoziwekea Linux miaka sita iliyopita zibaki hivyo, au apewe Kammoun azijaze programu zake za leseni. Nimeahidi kuwasha mashine yangu mwenyewe mbele ya kamati. Waone kwa macho yao.

Ili waone kitu kipya kabisa, nimesasisha kiini, ule moyo wa mfumo. Kisha nikafuta viini vyote vya zamani. Wengine huweka kimoja cha akiba. Waoga.

Nikawasha upya. Kisanduku cha kuingilia kikatokea. Neno la siri. Skrini nyeusi. Kisanduku kile kile tena! Mara kumi na nne. Nikikosea neno, mashine inanigombeza. Nikipatia, inanirudisha mlangoni kimya kimya. Mke wangu, Rafika, akauliza: inakataa neno la siri, au inakukataa wewe? Nikaandika neno la siri mara ya kumi na tano.

Jumanne, 7 Novemba

Sikutulia asubuhi nzima. Hatimaye nimeingia kwa mlango wa nyuma, ile skrini ya maandishi matupu isiyo na picha wala kipanya. Huko neno la siri linakubaliwa. Basi mashine i hai. Picha ndizo zimekufa.

Nikafungua kumbukumbu za mashine, daftari ambamo inaandika kila inachofanya. Nikasoma mistari michache tu, nikazifunga haraka kama mtu aliyefumania jirani anaoga.

Niseme hapa, maana hapa hasomi mtu. Kadi yangu ya picha, kile kifaa kinachochora skrini, inaendeshwa na programu funge. Ya kampuni, ya siri, isiyosomeka. Ile ile niliyoiita sumu katika makala thelathini. Ninayo mwaka wa tatu sasa. Ile huria ilikuwa inarukaruka nikisogeza ukurasa, na macho yangu si ya kijana. Na kiini hakina sitara: kila kinapoibeba programu hiyo, kinaandika kwamba sasa kimechafuliwa. Neno lenyewe ndilo hilo! Kuchafuliwa!

Kuomba msaada maana yake kuonyesha mstari huo. Siombi.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeomba.

Jukwaa la mtandaoni la chama chetu cha watumiaji wa Linux lina sheria moja isiyo na huruma: leta kumbukumbu kamili, mstari hata mmoja usikatwe, la sivyo hupati jibu. Aliyeitunga ni mimi. Niliwahi kumfungia mtu wa Bizerte wiki nzima kwa kukata mistari mitatu.

Nimekata arobaini na mmoja.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema faili fulani limebadilika mmiliki; nikalirudisha kwenye jina langu. Bure. Mwingine akasema diski imejaa. Nikafuta picha za harusi ya mpwa wa Rafika. Diski haikuwa imejaa. Wa tatu akasema weka mlango mwingine wa kuingilia. Sasa ninayo milango miwili, na yote miwili inanitoa nje.

Jioni ujumbe wa Kammoun: "Bwana Mongi, nasikia unabisha hodi nyumbani kwako mwenyewe. Vumilia ndugu yangu, watakufungulia tu."

Mpuuzi!

Alhamisi, 9 Novemba

Amepiga simu Yosr Ghorbel, mwalimu wa fizikia, mwanachama wetu mdogo kuliko wote na mdadisi kuliko wote. Akauliza, kwa adabu nyingi mno, kama mashine yangu huwa inasinzia. Nikauliza kwa nini. Akasema mbona kumbukumbu zangu zinatoka sekunde ya tatu zinaruka hadi ya saba. Nikamwambia ni unyevu wa bahari.

"Ami Mongi," akasema, "bahari haikati mistari. Nitumie yote. Sitamwambia mtu."

Nikamwambia mimi si ami yake. Nikakata simu. Nikazunguka meza mara nane. Rafika akasema nikae au nitoke, zulia limekwisha. Nikatuma yote.

Dakika tano, jibu. Programu ya kadi ina nusu mbili, moja ndani ya kiini na moja nje. Kiini kipya kimekuja na nusu mpya. Ile ya nje mtu fulani ameifunga isisasishwe. (Mimi. Ilikuwa inakwenda vizuri, niiguse ya nini?) Nusu mbili hazielewani, ndiyo maana skrini inaanguka. Na haya yote, akasema, yameandikwa waziwazi katika mistari arobaini na mmoja niliyoikata.

Nikafungua kufuli, nikasasisha, nikawasha upya. Nikaingia! Picha laini kama samli. Yosr akashauri niitoe kabisa nitumie ile huria, siku hizi imekuwa nzuri. Nikasema nitafikiria. Sikufikiria.

Jumamosi, 11 Novemba

Wajumbe wote saba wa kamati wapo. Lalla Chedlia, yaani Bibi Chedlia, mkutubi mstaafu, kiti cha mbele. Kammoun nyuma, miguu ameinyoosha kama yuko ufukweni.

Mimi huwa siyafichi maandishi yanayotokea mashine inapowaka. Wanaoyaficha wana la kuficha. Basi nikawasha, na projekta ikayateremsha yote ukutani, kila herufi kubwa kama kiatu. Nami nikiendelea kuhutubia juu ya usafi wa programu huria!

Lalla Chedlia akainua miwani, akauliza yale ya Kiingereza pale juu yanasemaje. Nikasema ni salamu. Akamgeukia Yosr. Msichana hajui kudanganya. Akasema: yanasema kiini kimechafuliwa na programu funge, Lalla.

Kammoun alicheka mpaka akaomba maji. "Karibu kwetu, ndugu! Ungesema mapema tukupikie!"

Wakapiga kura. Watano kwa wawili: Linux ibaki. Lalla Chedlia alisema mashine nane zimefanya kazi miaka sita na hakuna aliyezipigia kelele. Tumeshinda! Lakini neno la siri la mashine zote amepewa Yosr. Na mimi nisiziguse. Imeandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa jina langu kamili.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeelewa tatizo liko wapi. Chama kimelegea!

Makala ya mia mbili na kumi na moja imekamilika kabla ya adhuhuri. Kurasa zinateleza kwenye skrini, hakuna kinachorukaruka, raha tupu. Nimemalizia hivi:

Wanachama wa Sfax mnaotumia programu funge kwa kificho, nawataka mjitaje. Leteni kumbukumbu kamili za mashine zenu jukwaani kabla ya Jumatano adhuhuri, mstari hata mmoja usikatwe. Atakayeshindwa arudishe kadi yake ya uanachama, aniletee mimi mwenyewe, mkononi.