Malalamiko ya Shahidi Kuhusu Neno la Arobaini

Kwa Mkuu wa Madarasa ya Jioni ya Kiingereza,
Jengo la Ghorofa Mbili, Nyuma ya Kituo cha Mafuta.

Ndugu Mkuu,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Natumaini u mzima, walimu wako ni wazima, na chaki hazijaisha. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nichane karatasi tatu kutoka katikati ya daftari la vipimo vya wateja na kukaa kitako nikuandikie.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu imeshikana ukuta na nyumba yangu, kiasi kwamba nikipiga msumari huku, vikombe vinaitikia kule. Mke wangu ni mwanafunzi wako, yule wa mstari wa mbele karibu na dirisha. Kwa miaka ishirini na miwili amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, akipitisha mashuka kwenye mashine ya kunyoosha. Msimamizi wao anastaafu mwezi ujao, na hoteli imetangaza kwamba nafasi yake ataipata mwenye cheti chako cha Kiingereza cha ngazi ya juu. Kwa hiyo, mwanzoni nilikuwa upande wenu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsindikiza siku ya kujiandikisha, tena nikabeba mkoba.

Ninacholalamikia ni somo la muhula huu: maneno arobaini magumu ya kukanusha, yale ambayo Waingereza huyabandika kipande kidogo mbele, "un" au "in" au "ir", na neno lililokuwa linakutazama kwa wema likageuka likakupa mgongo. Nalalamikia pia kile mnachokiita Daftari la Ushahidi. Huenda barua hii ikasomwa na wakubwa wako wasiolijua, basi naeleza. Kila neno lazima mwanafunzi alitumie nyumbani kwa jambo la kweli, si la kubuni. Kisha shahidi mmoja, mtu mzima, yule yule tangu neno la kwanza hadi la mwisho, aweke sahihi kwamba amelisikia na kwamba limesema kweli. Asiye na sahihi arobaini haingii kwenye mtihani.

Shahidi wa mke wangu ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba niliweka sahihi gizani. Kiingereza changu kinaanza na "good morning" na kufika saa nne asubuhi kimekwisha. Kila jioni mke wangu alikuwa akifungua daftari, ananitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili kama mimi ninavyotazama kochi lililoletwa kwa mkokoteni, kisha anasema sentensi moja kwa sauti tamu. Nami naweka sahihi kama wateja wangu wanavyoweka wakipokea kazi: haraka, na kwa tabasamu. Siku moja nilimuuliza, "Hilo 'incorrigible' ni neno zuri?" Akanijibu, "Limekukaa, mume wangu, kama umeshonewa."

Mimi ni mtu wa kushona. Sifa hiyo iliniingia mpaka kwenye mifupa. Kesho yake nilimwita mchora mabango akaandika juu ya mlango wa karakana, kwa rangi nyekundu: FUNDI MAKOCHI, INCORRIGIBLE, KARIBUNI WOTE. Bango likakaa siku kumi na sita. Wateja waliongezeka, sikatai, ila wengi walikuja kupiga picha. Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Alisimama chini ya bango akacheka mpaka akakumbatia nguzo. "Shemeji! Umejitangazia mwenyewe kwamba hurekebishiki!"

Fundi wa kurekebisha vitu vya watu, ndugu Mkuu, asiyerekebishika. Kwa rangi ya mafuta.

2. Kwamba aibu yangu ilisomwa hadharani. Redio hakuishia kwenye nguzo. Aliingia ndani, akalichukua daftari, akalisoma lote kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, huku akitafsiri. "Unpunctual", asiyefika kwa wakati: sahihi yangu. "Implausible", maelezo yasiyoingia akilini, likihusu siku niliyosema nimecheleweshwa na nyuki: sahihi yangu. "Illegible", mwandiko usiosomeka: sahihi yangu, nayo kwa kweli haikusomeka. Redio alisoma thelathini na nane bila kunywa maji. Mama mkwe, ambaye hajui Kiingereza hata cha kusalimia, alisikiliza mkono shavuni. Mwisho akamgeukia mke wangu kwa masikitiko. "Sasa mwanangu, haya si ndiyo niliyokwambia kabla ya harusi? Umekwenda kuyasomea miezi mitatu?"

3. Kwamba jambo hili limevuka mipaka ya nyumba yangu. Wanawake wa chumba cha kufulia walio darasani kwako ni kumi na mmoja, kwa hiyo mashahidi nao ni kumi na mmoja, na wote tunanyolewa kwa kinyozi mmoja. Siku hizi pale hakuna anayezungumzia mpira. Mume wa dada anayepiga pasi makola ameitwa "indecisive", mtu asiyeweza kukata shauri, na hadi leo hajaamua kama akasirike. Mlinzi wa lango la ghala amepewa "inattentive", yaani haangalii anachotakiwa kuangalia, na anatuomba tusiseme kwa nguvu, mwajiri wake hunyolewa pale pale. Anayenihuzunisha zaidi ni fundi saa. Mkewe humtumia paka kwa mifano yote. Maneno thelathini na sita, yote ya paka. Anakaa kwenye kona, hana neno lake hata moja, na tukianza kulinganisha anainuka anakwenda kusimama nje.

4. Kwamba nimenyang'anywa nusu yangu ya ugomvi. Hili ndilo lililo rohoni. Mimi na mke wangu tuna miaka ishirini na mitatu ya ndoa na tumegombana vizuri. Ugomvi wetu ulikuwa ukianza Jumamosi baada ya chai, unapita kwa ndugu zangu, unazunguka kwa ndugu zake, unasimama kidogo tule, unaendelea, na kila mtu anapata zamu. Kwa Kiswahili, mtu akitaka kukukana vizuri lazima ajenge maneno, na katikati ya ujenzi huo mwenzake hupata upenyo wa kupitisha "lakini" yake. Sasa mke wangu anatoa neno moja refu kama treni ya mizigo, analifunga kama mlango wa friji, anarudi kwenye masomo. Mimi nabaki na "lakini" yangu mkononi, sina pa kuiweka. Juzi niliipeleka kwa jirani. Naye alikuwa na ya kwake.

5. Neno la arobaini lenyewe. Nilisikia zamani kwamba siku za mwizi ni arobaini. Sikujua na maneno ya mume ni arobaini.

Kochi letu la sebuleni nililivua kitambaa na sponji miaka sita iliyopita, nia yangu ikiwa kulitengeneza upya. Tangu hapo ni mbao, springi, na blanketi lililokunjwa mara nne. Wageni tunawaelekeza upande wa kushoto. Jumatatu mke wangu alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa upande wa kulia, akafungua daftari, akasema kwamba sababu za mume wake za kutomaliza kochi hili ni "indefensible".

Safari hii niliuliza kwanza. Nikaambiwa maana yake ni kitu kisichoteteka, hata ukikiletea wakili mwenye miwani miwili. Nikarudisha kalamu. Nilisema siweki sahihi, heshima yangu ya ufundi ina mwisho.

Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa. Hakupiga. Aliliacha daftari wazi juu ya blanketi, kalamu katikati, akasema, "Shahidi hashurutishwi. Ila mwisho wa kurudisha ni Alhamisi saa nne." Tangu hapo hajalitaja. Ananiandalia chai, ananiuliza habari za karakana, anakunja nguo. Leo ni Jumatano. Nafasi thelathini na tisa zimejaa, moja iko wazi, na pale kazini kwake kuna dada mwenye miaka mitatu tu mbele ya mashine ambaye sahihi zake zote zimetimia. Akikosa mtihani huu, nafasi ya msimamizi itakwenda kwa huyo dada, na mke wangu atakuwa anapokea amri kutoka kwa mtu aliyemfundisha kukunja shuka la kitanda cha watu wawili. Hayo yote nayajua. Lakini nisisitize kwamba hapa aliyeonewa ni mimi.

Na kwa kuwa neno linadai kwamba sina utetezi, nautoa utetezi huo hapa mbele yako, ili uone jinsi lilivyotumika vibaya.

Kwanza, mganga hajigangi. Hilo ni la wahenga, si langu. Nilipomwambia mke wangu, alinijibu kwamba kochi si la mganga, ni la mke wa mganga. Nimejaribu kukumbuka wahenga walisemaje kuhusu mke wa mganga. Inaelekea walinyamaza.

Pili, muda wangu ni mdogo, wateja hawaniachi nipumue. Ingawa, nikisema kwa haki, katika miaka hiyo sita nimemtengenezea kinyozi benchi lake mara mbili, viti vya Redio vyote, na godoro la mbwa wa daktari wa meno, ambalo lilikuwa na vifungo kumi na viwili na nilivishona kwa mkono.

Tatu, hakuna anayeumia. Watoto wetu wamekua na wameondoka. Mimi mchana kutwa niko karakana, nakalia makochi ya watu, yaliyokamilika. Anayekaa pale sebuleni ni mke wangu peke yake, jioni, akitoka kusimama kwa saa kumi mbele ya mashine inayotoa mvuke. Hapo ndipo alipoyasomea maneno yako yote, daftari gotini, miguu juu ya ndoo, na springi ya tatu ikimgusa ubavuni, maana huwa naisikia ikilia kupitia ukuta kila anapofungua ukurasa. Utetezi huu wa tatu nitaurekebisha kidogo kabla ya kuituma barua.

Kutokana na hayo, ninaomba kwa heshima zote: neno la arobaini lifutwe, au liwekwe la upole kama "imperfect", asiyekamilika, ambalo Redio anasema linawahusu hata wafalme, daftari liongezwe sehemu ya shahidi kujitetea, iwe pana kuliko zote, na kuanzia muhula ujao somo la kukanusha lifundishwe kwa wanafunzi ambao hawajaolewa tu, ili wapate kulitumia mapema, wakati bado linaweza kuwasaidia.

Nisalimie walimu wote, hasa yule dada mpole anayefundisha somo hili, mwambie simchukii, ila asikatize mbele ya karakana yangu kwa sasa. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia mkoba siku ile, anayefagia ngazi, na yeyote anayekufungulia barua. Mama mkwe anakusalimu sana. Amesema uendelee hivyo hivyo.

Ni mimi niliyekutii mara thelathini na tisa,

Fundi Makochi

Nyongeza: Nimeisoma barua hii tangu juu, kalamu mkononi, nikitafuta mahali utetezi wangu ulipo ili niupigie mstari. Nimeusoma wa kwanza, nikaupita. Nimeusoma wa pili, nikaona haya kwa ajili ya yule mbwa. Wa tatu nilikwenda kuurekebishia pale pale kwenye kochi, upande wa kulia, nikakaa kwa muda wa kurasa mbili. Ndugu Mkuu, nimetumia karatasi tatu kujitetea na sijapata hata sentensi moja iliyosimama. Sasa shahidi mkweli afanyeje? Neno limesikika, na limesema kweli. Nimeweka sahihi namba arobaini, safari hii kwa herufi zinazosomeka, na ninalileta daftari mwenyewe leo kabla hamjafunga, pamoja na barua hii ambayo naomba maombi yake yote matatu uyafute. Someni daftari kwanza. Barua haina haraka. Na siku ya mtihani naomba mke wangu asikalie yale mabenchi yenu. Nitakuja asubuhi na kiti kimoja chenye mgongo mzuri na sponji mpya, nimekimaliza mchana huu. Ni cha mteja, lakini yeye ameshazoea kusubiri.