Springi za Limbu

Jumatatu, 9 Machi 1987

Nimeungama. Padri Clavery alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Dalili mbaya. Kitubio changu cha Kwaresima: siku saba niandike kwenye daftari kila uovu nitakaoutenda, bila kupamba, na Jumapili nimpelekee asome. Akasisitiza niandike kwa mkono. Eti nikikaa kwenye taipureta najigeuza serikali.

Haya. Uovu wa kwanza. Juzi nilikamua ndizi mbivu mbili ndani ya taipureta ya Limbu.

Limbu ni Msukuma. Alitoka visiwa vya Muleba, huko alikuwa anavua na kuwaandikia wavuvi wenzake barua. Mwaka jana akaja Bukoba mjini, akaweka meza kwenye kibaraza hichohicho ninachopigia taipu mimi, hatua nne tu kutoka kwangu. Ana vidole kama mihogo. Na ananishinda kasi! Mimi! Karani wa ushirika miaka kumi na moja!

Leo pia nimeona tangazo kwenye ubao wa parokia. Wanatafuta mpiga taipu wa kudumu, wa kuandika orodha za yatima, kuanzia huku mpaka Muleba. Orodha zinarefuka, ugonjwa huu haupumziki. Mashindano Jumamosi. Kila mtu na mashine yake, ukurasa mmoja, kasi itaangaliwa. Nusu ya chini ya tangazo ilikuwa imefunikwa na tangazo la msiba, ambalo nililipiga mimi mwenyewe. Tangazo la msiba haliinuliwi. Nikarudi nyumbani Buhembe mbio.

Mke wangu Jovita amesikia habari kabla yangu. Amesema nikikosa kazi hii, mashine inauzwa na mimi nashika jembe kule shambani Ijuganyondo. Ameshalisimamisha jembe mlangoni. Nimelipita mara nne leo. Linaniangalia.

Hajawahi kuipenda mashine yangu. Mwaka 78, Waganda walipovuka, tulikimbia kutoka Kyaka. Yeye alibeba watoto wawili na sufuria. Mimi nilibeba taipureta ya ofisi. Mpaka leo tukigombana anaanzia hapo.

(Kutorudisha taipureta ya ofisi: nimeshaungama mara tatu. Siihesabu tena.)

Jumanne, 10 Machi

Padri aliniagiza pia nimwombe Limbu msamaha. Nimekwenda na kahawa za kutafuna, nikampa kiganjani kama mgeni wa heshima, nikasema yote. Ndizi mbili. Mbivu.

Alicheka mpaka akashika nguzo! Akasema alipoona sisimizi wanapanda herufi moja moja alidhani wamekuja kuandikisha watoto wao. Halafu akaniambia, Nshomile, wewe umesoma sana lakini dhambi zako bado za darasa la pili.

Hilo "Nshomile", la kutukejeli Wahaya kwamba tunajidai wasomi, sikulipenda. Nilimeza pamoja na kahawa.

Kisha akaniruhusu nijaribu herufi za mashine yake ambazo ndizi haikuzifikia. Ee Mungu wangu. Gusa tu, herufi imeshapanda! Kama kumgusa kuku aliyelala. Mashine zetu ni za aina moja, za kampuni moja, lakini yangu lazima uigonge kama unapigilia msumari. Nikauliza siri. Akasema fundi wa Mwanza alimwekea springi nyembamba chini ya kila herufi.

Springi! Kumbe miaka yote nilidhani ni vidole!

Nikarudi kwenye kiti changu nikawaza sana. Springi ngumu ina faida zake: kaboni tano zinapita, na sauti inafika mbali. Jovita anauza samaki wa kukaanga ng'ambo ya barabara, na sauti ikikatika anajua nimekwenda kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lakini kwa mashindano? Kwa mashindano ni nyembamba tu.

Nikamwendea Limbu kwa unyenyekevu. Nikasema, ndugu yangu, mashine niliyoichafua acha niioshe mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Karibu nilie. Nilikuwa namaanisha kabisa, kama robo tatu.

Jumatano, 11 Machi

Nimeosha. Mafuta ya taa, unyoya wa kuku, kitambaa cha gauni la zamani la Jovita. Ndizi yote imetoka. Hiyo ni toba, naomba ihesabiwe.

Ila nikaona yangu nayo ina vumbi. Nikaifungua pia. Mashine mbili wazi juu ya meza moja. Springi nyembamba kwenye sahani ya kushoto, springi nene kwenye sahani ya kulia. Jovita akapita, akaomba sahani zake. Nikamwaga springi kwenye magazeti mawili. Hapo ndipo kushoto na kulia vikachanganyikana.

Hapana. Daftari hili ni la kweli. Havikuchanganyikana. Nilijua.

Nilizipachika moja moja kwa kibanio cha nywele cha Jovita. Nyembamba kwangu, nene kwa Limbu. Herufi arobaini na nne. Kumi za kwanza nilizipachika nikiangalia mlango, baada ya hapo nilikuwa naimba.

Jumamosi napita kama upepo!

Alasiri nikampelekea Limbu mashine yake. Alinipa samaki mkubwa. Nimemla. Alikuwa mtamu na mwenye lawama.

Alhamisi, 12 Machi

Taabu.

Vidole vyangu vimezoea nguvu. Kwenye springi hizi laini herufi zinatoka mbili mbili. Barua ya kwanza asubuhi: "Kwa Mmkuu wa Wilayaa." Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja anayedai mpaka wa shamba. Mgomba ukawa "mmgombba." Akauliza kama hiyo ni mbegu mpya.

Ikabidi nijifunze upya. Guso la nyoya. Guso la mama anayepima homa ya mtoto. Kufikia saa nne nilikuwa natiririka. Kasi! Raha! Nilipiga ukurasa mzima nikajisahau nikapiga mwingine wa bure.

Lakini hakuna sauti. Bibi Benigna alikuja kuandikiwa barua ya kuomba nafasi za shule kwa wajukuu wake watatu. Mwanawe na mkwewe wote walichukuliwa na Juliana, ndivyo tunavyouita ukimwi huku. Alikaa, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akasema, waitu Mutembei, mbona leo mashine yako inanong'ona? Barua ya kunong'ona nani ataisikia huko wilayani? Akainuka akaenda kwa Limbu, ambako mashine ilikuwa inanguruma ko! ko! ko! mpaka kahawa zikaruka mezani. Akatoka huko ametabasamu.

Mara Jovita huyo, anavuka barabara na mwiko mkononi. Hajasikia mlio tangu asubuhi, basi nipo kwenye rubisi. Akanikuta natoka jasho kazini. Hakuamini. Akanusa. Akanusa tena. Akasema labda nimekunywa kitu kisicho na harufu.

Mchana nikaweka debe chini ya meza nikawa nalipiga teke kila mstari ili Jovita atulie. Nimeumia kidole gumba.

Ijumaa, 13 Machi

Limbu amekuja mezani kwangu. Akasema, mzee Mutembei, tangu uioshe mashine yangu imekuwa ngumu kama kuvuta nyavu zenye mawe.

Nikajibu kwamba usafi ndivyo ulivyo. Uchafu ndio ulikuwa unailainisha.

Akaitazama mashine yangu, akabonyeza herufi moja kwa kidole kimoja. Ikapanda kimya. Nikafumba macho nikisubiri ngumi.

Akasema "Asante sana, mzee," akaenda zake akipiga mluzi.

Asante? Sijaelewa. Nimepungukiwa na raha ya dhambi yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika alasiri. Naandika nikiwa nimekaa chini, maana kwenye kiti amekaa Jovita.

Ofisi ya parokia ilijaa. Washindani sita, wanne walikuwa wasindikizaji. Sista Skolastika, mwenye ofisi, akagawa karatasi. Si karatasi za kawaida. Stensili! Ile ya nta, ambayo herufi lazima itoboe ili wino upite kwenye mashine ya kudurufu. Nikauliza tangu lini. Sista akasema imo kwenye tangazo, nusu ya chini.

Sikujali. Kasi ni kasi.

Akatugawia pia orodha ya yatima arobaini ya kunakili. Nikaondoka kama upepo! Wenzangu walikuwa kwenye jina la kumi, mimi la ishirini na tano. Nyoya, nyoya, nyoya! Jina la thelathini lilikuwa Kokuberwa, binti wa marehemu kaka yangu. Nalo nililipita kwa nyoya lile lile. Naandika hili kwa kuwa linaniuma.

Nikamaliza wa kwanza! Kwa furaha nikagonga mwishoni kwa nguvu zangu zote za zamani, pa! pa! pa!: "Mutembei, Mpiga Taipu." Nikainua mikono. Watu wakashangilia. Limbu alikuwa bado anapigilia kama fundi wa mabati.

Sista akaweka stensili ya Limbu kwenye mashine, akazungusha mkono. Ukurasa ukatoka mweusi, safi, majina yote arobaini unayasoma ukiwa mlangoni.

Akaweka yangu. Akazungusha. Karatasi nyeupe. Akazungusha tena. Akaongeza wino. Akazungusha mara ishirini, Mungu ambariki, hakutaka kuamini. Karatasi ishirini nyeupe pepepe, na chini kabisa, kwa wino mzito: Mutembei, Mpiga Taipu.

Sista akainua moja akasema kwamba kwa orodha hii, jimbo zima lina yatima mmoja.

Walicheka mpaka mbuzi wa nje akakimbia. Hata Bibi Benigna. Hata mimi, mwishoni, sikuweza kujizuia.

Kazi kapata Limbu. Nikaliona jembe langu.

Hapo Limbu akasimama. Akasema kila mtu asikie. Alikuwa amekata tamaa tangu aliposoma tangazo lote, springi zake nyembamba zisingeweza kutoboa stensili ukurasa mzima. Lakini mzee huyu, mshindani wake, Mhaya, alimwekea springi zake nene kwa siri, wala hakujisifu. "Nilizijua jana nilipobonyeza mashine yake," akasema. "Watani zangu Wahaya nawasema kila siku, lakini huyu Nshomile, moyo wake nao umesoma."

Makofi! Sista akafuta machozi. Limbu akaomba kamati inipe mimi barua za kawaida, zinazotaka kasi, nisaidiane naye. Kamati ikakubali palepale. Jovita aliniangalia kama siku ile nilipomchumbia.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilikuwa nayo kabisa, mdomo ulishafunguka. Nikasema: "Ni Kwaresima, ndugu zangu."

Padri Clavery hakupiga makofi. Alinikumbusha tu daftari, kesho.

Daftari! Lina Jumatano ndani yake! Nitalipiga taipu upya kabla ya jua kuzama, nimpe nakala safi. Nitarekebisha nukta na mkato tu. Na Jumatano.

Jumapili, 15 Machi

Naandika nyuma ya karatasi zangu nyeupe za jana, kwa kuwa daftari sina. Karatasi ni nzuri. Kila moja tayari ina sahihi.

Baada ya misa nilimpa Padri nakala safi, kurasa saba, hakuna herufi hata moja iliyojirudia. Akasoma kwa sauti ya chini: "Jumatano. Leo kwa upendo mkuu nimemwachia ndugu Limbu springi zangu." Akasema ni maandishi mazuri sana. Kisha akafungua droo akatoa daftari langu. Jovita alilileta kwenye misa ya kwanza, ndani ya kapu, chini ya mayai.

Alisoma Jumatano ya daftari nayo. Alipofika kwenye kibanio cha nywele mabega yalianza kumtikisika kwa kicheko. Kwenye debe akalala mezani. Lakini alipoinuka alikuwa Padri tena.

Kitubio kipya. Siku saba nyingine. Kesho asubuhi, mbele ya Limbu, nimweleze kweli yote. Kisha nifungue mashine zote mbili, na kama Limbu anazitaka springi zake, nimrudishie.

Nilikwenda kwa Limbu leo leo, nisilale nayo. Nikasema yote. Akauliza: basi ulitaka kuniibia ushindi, ukaniletea mlangoni? Akaanza kucheka, akashika nguzo ile ile. Akasema springi nene anabaki nazo, na kazi ya barua nibaki nayo, maana adui wa namna hii hapatikani kirahisi. Ila kesho mashine zikifunguliwa kama Padri alivyoagiza, yeye ndiye atakayezishika zote.

Jovita naye ametoa hukumu: asubuhi jembe, mchana mashine. Amesema aliyebeba chuma kutoka Kyaka hawezi kushindwa kubeba kingine. Nimekubali. Nimetubu. Najisikia mwepesi kama herufi zangu.

Kitu kimoja tu. Nimekaa nikaipitia orodha ile ya yatima, jina kwa jina, na nimegundua kwamba a ndiyo inayopigwa kuliko zote. Mashine yangu ya sasa ni laini, lakini haina mlio, na wateja wanataka mlio. Kama a peke yake ingekuwa na springi nene, ingenguruma! Ko! Na zingine zote zikabaki laini kwa kasi. Hiyo ndiyo mashine kamili. Hakuna aliyewahi kuiwaza.

Springi moja tu, kutoka kwa Limbu. Kesho mashine zote zitakuwa wazi mezani, na Limbu hupenda kutafuna kahawa, na atafunaye hufumba macho.

Padri alisema nimrudishie Limbu springi zake kama anazitaka. Hakusema nisimrudishie moja tu nyembamba, ya a, na kuchukua nene yake.