Jino la Kasuku

Jumatatu, 9 Machi

Jino la Kasuku linacheza! La mbele, la chini. La kwanza kabisa. Mke wangu kaniletea ujumbe wa sauti asubuhi, nikausikiliza huku napiga mswaki, nikameza povu. Kasuku ni binti yetu, ana miaka sita, na jina hilo kalipata kwa mdomo wake, maana hanyamazi hata akila. Amesema jino halitang'oka mpaka Baba alione.

Baba yuko huku ughaibuni, anawafundisha hesabu watoto wa watu. Kasuku alipojifunza baiskeli, nilitumiwa picha. Alipoanza shule, picha. Jino sitaki picha. Nataka kuliona likitoka, mubashara, kwa macho yangu haya.

Tatizo ni saa. Nikitoka kazini, kule Kasuku kashalala. Nikiamka, yuko shule. Siku za kazi tunapatana mara moja tu: saa saba mchana ya huku, jioni ya kule, kabla mama yake hajaondoka na simu kwenda zamu ya usiku. Na saa saba mimi nina Darasa la Sita. Simu zetu walimu zinafungiwa kwenye sanduku la karani mpaka kengele ya chakula. Jumamosi iko mbali, na jino halina subira.

Baya zaidi: shemeji yangu, yaani mjomba wake Kasuku, kajitolea kulifunga uzi na kuubamiza mlango. Jino la mwanangu! Huyu bwana anajipendekeza pale nyumbani tangu siku niliyopanda ndege. Nimemkataza kwa maneno makali.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwendea Bwana Ratiba anibadilishie kipindi. Ni mwalimu wa jiografia, ndiye anayepanga vipindi vyote, na hanipendi tangu nilipokalia kiti chake siku yangu ya kwanza. Basi nikaenda kwa ulaini. Nikazisifia ramani zake. Nikamwoshea kikombe. Akachanua! Akasema hajawahi kuona mwalimu wa kujituma namna hii, akaniongezea zamu ya kusimamia uwanja wakati wa chakula.

Na kikombe chenyewe nilikiosha kwa sabuni.

Nimerudi chumbani nikaisikiliza tena sauti ya Kasuku kwenye ujumbe wa jana. Anasema, Baba, linalala hivi, halafu linalala na hivi. Nami silioni linavyolala. Chumba hiki kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nimeyatazama magari mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 12 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa napanga.

Mlinzi wa lango ndiye anayepiga kengele, naye huifuata saa ya ukutani ya chumba cha walimu. Asubuhi, kabla watu hawajafika, nikapanda kiti nikaisogeza mbele. Kengele ingelia mapema, watoto wangekwenda kula, mimi ningekimbilia simu. Akili hizo! Kumbe Mwalimu Mkuu alipita, akaona saa inakimbia, akairudisha nyuma. Akapitiliza. Kipindi changu kikawa hakiishi. Nikamaliza sehemu, nikamaliza desimali, nikabaki nawasimulia watoto habari za jino. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani.

Nilipoipata simu, mke wangu alikuwa keshapiga mpaka kachoka. Ujumbe wake: jino linaning'inia. Kasuku anakunywa tu, hatafuni kitu, asije akalidondosha kabla Baba hajaliona. Mjomba kaonekana na uzi.

Nimelia kidogo. Ni mafua.

Ijumaa, 13 Machi

Sasa hakuna mchezo tena. Nikaamua kuumwa jino. Nikaingia kwa Mwalimu Mkuu nimeshika shavu, nikagumia, nikaomba niende chumbani nikalale. Chumbani kuna mtandao, kuna utulivu, kuna Kasuku. Macho yakamlegea kwa huruma. Akamwamuru karani anirudishie simu. Halafu akasema mume wake ni daktari wa meno, akachukua funguo za gari.

Lo!

Daktari akagongagonga. Akashangaa, akasema meno yangu yote mazima, lipi linaloniuma? Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa palepale, ameupakata mkoba wangu kama mama mzazi. Ningesemaje? Nikaonyesha la mbele, ndipo kidole kilipofikia. Akaligonga. Nikapiga yowe ili aamini. Akaamini. Akachukua koleo.

Saa saba ilinikuta nimepanua mdomo, natazama taa. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ni yeye, nani mwingine? Nikapeleka mkono. Daktari akaniambia nitulie, tunakaribia.

Wakati wa kurudi, Mwalimu Mkuu akauliza maumivu yalianza lini. Ganzi ilikuwa imenilegeza ulimi, nikajikuta nimemwambia yote huku udenda unanichuruzika. Akasimamisha gari kando ya barabara. Akauliza kwa nini sikuomba tu. Angelishika darasa langu yeye mwenyewe.

Kuomba tu! Watu wengine hawana mbinu kabisa.

Ujumbe wa mke wangu: Kasuku alikaa na simu mapajani, kila ikiita anasema, subirini, Baba anapokea sasa hivi. Likadondoka lenyewe simu ikiwa bado inaita. Mjomba ndiye aliyelidaka.

Jumamosi, 14 Machi

Tumeonana. Kasuku kaja mbio, kafungua mdomo mbele ya simu mpaka nikaona koo. Pengo! Dogo, jekundu, zuri ajabu. Akauliza mbona Baba kavimba. Nikafungua wangu.

Akanyamaza. Kasuku, kunyamaza! Halafu akacheka mpaka simu ikamponyoka, nikabaki naitazama dari ya nyumba yangu mwenyewe. Lile doa la mvua bado lipo, niliahidi kulipaka rangi. Nilitamani wasiiokote haraka.

Wakaiokota. Kasuku akanieleza kwamba lake litaota jingine, kubwa, Mama kasema. Akauliza, na lako je? Nikasema nalo litaota. Akauliza narudi lini. Nyuma yake mke wangu akaacha kukunja nguo. Nikasema, narudi likishaota.

Akafurahi sana. Ameniagiza kila Jumamosi nifungue mdomo alikague.

Jumapili, 15 Machi

Mke wangu kaandika. Anauliza kwa nini nimemwambia mtoto maneno yale. Anasema kama sijui narudi lini, si niseme tu sijui, wamenizoea. Anasema pia Kasuku kaamka asubuhi kaulizia kama limeanza kuchomoza.

Halafu, chini kabisa ya ujumbe: la pili linacheza. Jirani yake lile la kwanza. Wiki haitaisha kabla halijang'oka.

Mwalimu Mkuu alisema niombe tu. Nimeliwaza jambo hilo mchana kutwa, nimekaa dirishani na magari yangu. Akikataa je? Mtu akishakukatalia, unakwenda wapi tena?

Hapana. Kesho nitaumwa sikio. Sikio haling'olewi.