Klachi ya Nyigu, kwa Mikono Yangu Mwenyewe

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nyigu amegoma. Hili si gari la kubebea viazi. Ni kigari kifupi, nyuma kimekatwa, injini ya mashindano. Nikimwasha, madirisha ya jirani yanatetemeka. Leo kwenye mlima wa sokoni nimekanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa nguvu zote, gari likabaki linatambaa. Bibi mmoja mwenye kikapu akatupita. Harufu ya kuungua. Mke wangu akauliza kama hizo ndizo mbio ninazojisifia tangu tuoane.

Klachi imekwisha. Aliyenieleza ni shemeji, kaka yake mke wangu, baada ya kunivuta mpaka nyumbani kwa gari lake la mizigo, polepole, akipiga honi kila kona. Sasa kuna jambo. Jumatatu saa mbili asubuhi mke wangu ana mtihani wake wa mwisho wa ukunga, katika mji wa pili, mwendo wa saa mbili. Akiukosa, ni kungoja mwaka mzima. Shemeji kajitolea kumpeleka. Nimesema asijisumbue, mume nipo. Klachi nitabadilisha mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mke kashauri nimwite Mama Gia, fundi wa gereji iliyo nyuma ya stendi. Nimekataa. Nimetazama video nzima, dakika kumi na nne, na yule bwana hata mikono haikuchafuka. Klachi mpya imeshanunuliwa, iko mezani, nzuri mno kuitazama.

Nyigu yuko juu ya jeki na magogo. Boliti nimezitia kwenye sufuria kubwa, kwa mpangilio ninaoujua mimi peke yangu. Mchana sufuria ilihitajika jikoni. Boliti ziko kwenye ndoo. Mpangilio sijui uko wapi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Giaboksi imeshuka. Imenishukia kifuani. Nimelala chini yake robo saa, sauti haitoki. Mke alipita na madaftari yake, akaona miguu yangu, akadhani nimejipumzisha.

Lakini ndipo nikaiona pleti ya klachi. Duara tu, inaenea kwenye sinia la chai. Na nguvu zote za Nyigu, kishindo chote kile, zinapita hapa! Hakuna meno, hakuna ndoano. Inabanwa katikati ya vyuma viwili, basi, gari linakwenda. Unakanyaga pedeli, inaachiwa. Nimekaa kwenye saruji nimeipakata. Miaka kumi na mmoja naendesha, sikujua kwamba napelekwa na kitu chembamba namna hii. Machozi yalinilengalenga, nasema kweli. Nikamwita mke aje aone. Kaja, katazama kwa makini, kasema ni ajabu kweli, na je, Jumapili kitakuwa kimerudi ndani?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shemeji kaja kutazama. Kaja na kiti chake.

Pleti mpya ina upande bapa, na upande mwingine una springi zinazong'aa kama vito. Upande mzuri nimeuelekeza kwenye injini, kwa heshima. Saa tisa kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikawasha. Nikakanyaga klachi. Gia hazikuingia, zilisaga tu. Nikazima, nikaweka gia ya kwanza, nikawasha tena. Nyigu akaruka! Pipa la maji likapasuka, na shemeji akaloa mpaka magotini. Hilo peke yake lilikuwa zuri.

Mke alikusanya madaftari yake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Angenifokea ningepata nafuu. Nimeogopa. Miaka minne amesoma na mtoto mgongoni, na kama Jumatatu hatafika, sababu ni mimi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke kampigia simu Mama Gia bila kuniuliza. Kaja saa moja asubuhi: mama mtu mzima, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Akatandika boksi chini, akalala, akaanza. Sijawahi kuona kitu kama kile. Haangalii spana, mkono unakwenda wenyewe. Giaboksi iliyonilaza mimi aliishusha kwa jeki na goti lake, huku akimuuliza mke wangu maswali ya uzazi, maana yeye amezaa saba.

Kumbe pleti niliiweka kinyume. Upande wa springi una maandishi ya kigeni niliyodhani ni jina la kiwanda; yanasema huu ni upande wa giaboksi.

Kisha akaiokota pleti ya zamani. Akaipitishia kidole gumba. Akaniambia: mwanangu, wewe mlimani hushiki breki, unalishikilia gari kwa klachi. Mguu wa kushoto unaulaza juu ya pedeli safari nzima. Na ukiona watu kando ya barabara, unaondoka kwa fujo. Huyu mama hajawahi kupanda gari langu! Tabia zangu zote ziko kwenye kile chuma na yeye anazisoma tu. Mke akauliza kama pleti inasema pia nani hasikii akishauriwa. Mama Gia akaigeuza, akasema hilo liko upande wa pili.

Saa nane kazi ilikwisha. Agizo lake: klachi mpya inataka mguu mpole, kwa hiyo kesho ataendesha mke. Sikuwa na pa kutokea.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Miaka yote sijamruhusu mke hata kumtoa Nyigu getini. Leo kaendesha kwa saa mbili nzima. Gia zinaingia bila kusikika. Malori anayapita kwa utulivu, tena anashukuru kwa mkono. Nilimtazama njia nzima nikijiuliza nimeoa nani. Tulifika mapema. Akaniambia nimwombee, na nisiguse gari.

Letu sikuligusa. Ila kwenye maegesho wakaja watu kumshangaa Nyigu, wakauliza klachi kabadilisha nani, mbona lilisimama laini vile. Nikasema mimi. Mmoja wao ana gari la aina hiihii, jekundu, klachi inateleza. Mtihani unachukua muda wa saa tatu. Spana zilikuwa kwenye buti.

Mke katoka uso unang'aa, maswali yote kayajibu. Kanikuta chini ya gari jekundu, oili ya gia imeniingia shingoni. Akauliza ni gari la nani. Nikamwambia. Akanipitishia chupa ya maji na shajara hii, akasema nauli ya basi ninayo, akaingia kwenye Nyigu.

Nimemsikiliza akiondoka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa. Mwenye gari jekundu akainama, akasema hakika hiyo ni kazi ya fundi anayejua. Nikamshukuru, nikamwomba anisogezee spana kubwa.