Harage Moja Lililobaki Kwenye Ndoo

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya kata nzima, tena kwenye kipaza sauti. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hili kundi letu la akina mama nalijua: saa hizi kuna mtu ameshika simu anaongeza chumvi. Basi tulieni, aibu ni yangu na nitaisema mimi. Naandika kwa kidole kimoja, msinikatishe.

Mnajua leo yalikuwa matembezi ya hisani, yale ya kutafuta vitanda vya wodi ya wazazi pale zahanati. Tunaanzia kanisani hapa Moshono, tunapanda na barabara ya mashamba ya kahawa, tunaishia shule ya msingi kule juu karibu na msitu wa Mlima Meru. Na mnajua msimamizi wa usalama ni mimi. Sikupewa cheo hicho kwa kusoma, mimi nimeishia darasa la nne. Nilipewa kwa sababu watu wananiogopa.

Mwaka huu usalama haukuwa mchezo. Mwaka jana mzee mmoja wa kwaya aliingia kwenye migomba kujisaidia, akatokea kata nyingine. Tulimtafuta mpaka jioni. Tulimkuta amekaa kwa watu, kibuyu cha pombe ya mbege mkononi, anawafundisha wenyeji sauti ya tatu. Mtendaji wa kata hakuona la kuchekesha. Alituita ofisini akasema wazi kwamba akipotea mtu mwingine hata mmoja, kibali cha matembezi hakuna tena. Na bila matembezi vitanda hakuna. Akina mama wataendelea kulala wawili wawili, miguu ya huyu usoni kwa yule. Binti yangu Upendo ni nesi pale, anayaona kila siku. Kwa hiyo nilijiapiza: safari hii hapotei mtu.

Nilikaa vikao vitatu na kamati. Nilipiga marufuku ndala. Nilitaka maji sehemu tatu, pikipiki ya kumbeba atakayezidiwa, turubai la mvua, na mtu wa kutangulia kuangalia mizinga ya nyuki. (Mwenyekiti aliuliza, nyati akitoka msituni tufanyeje? Nikamwambia nyati akitoka hutasubiri kikao.)

Ugomvi ulikuja kwenye kuhesabu watu. Katibu wetu Anjela, binti wa ofisini, mwenye adabu zake, alitaka aandike majina yote kwenye simu, na kila anayefika awekewe alama. Nikakataa. Mimi ni Mwarusha (ndiyo maana mnaniita Koko, yaani bibi), nimezaliwa Oldonyo Sambu kwenye boma. Kwetu mtu hahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi, mtoto hahesabiwi, ni kuita balaa. Baba yangu alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi jioni anaangalia tu, na anajua dume lenye baka halijarudi. Anjela akaniuliza taratibu kama na mimi nitawajua wote kwa kuangalia. Hapo alinibana. (Macho yangu siku hizi hayatofautishi dume na mchungaji wake.)

Ndipo nikatoa mpango wangu wa maharage. Kila anayeanza safari anatia harage moja kwenye ndoo. Ndoo inapanda pikipiki, inatutangulia shuleni. Kila anayefika anatoa harage moja. Ndoo ikiwa tupu, wote tumefika. Likibaki harage, kuna mtu amebaki njiani. Hujamhesabu mtu, hujataja namba, balaa halina pa kuingilia. Kamati ikakubali, sijui kwa heshima au kwa njaa, na mpango ukapita. Anjela akasema majina yake ataandika hivyo hivyo, kimya kimya pembeni, wanaotembea tu. Akauliza na hawa watoto wa mgongoni je, nao wanatiliwa harage? Nikamkaripia. Nikasema wa mgongoni naye ana roho, na mwenye roho ana harage. Kumbukeni hayo maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, na muhtasari wa kikao upo.

Asubuhi nilifika kanisani saa kumi na mbili na nusu, filimbi shingoni, mjukuu wangu Nashipai mgongoni. Ana miezi minane. Mama yake, Upendo, alikuwa zamu ya mchana, na wodi haimsubiri mtu. Niliwarudisha nyumbani vijana wawili wenye ndala. Mama Jyoti, yule mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye mwaka hadi mwaka anatembea na sisi, alikuja na raba mpya, akanipa shikamoo, kisha akanipigia saluti. Akauliza, "Koko, yangu naweza kutia dengu? Maharage yananijaza gesi." Nikamwambia atie harage, hakuna anayekula hapa. Watu wakapanga mstari, wakatia. Mwisho nikatia la kwangu, nikatia na la mjukuu.

Tukaenda. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa nyuma, kama inavyotakiwa, ili asibaki mtu. Msiniulize tulikuwa wangapi. Hakuanguka mtu, hakuumwa na nyuki mtu. Yule mzee wa kwaya kila akiangalia migomba nilipiga filimbi. Nashipai alilala kabla hata ya shamba la kwanza la kahawa, akatulia hivyo hivyo mpaka juu. (Nimebeba watoto mgongoni miaka arobaini. Mgongo wangu hautoi taarifa tena.)

Saa tano na nusu tupo shuleni. Makande yananukia chini ya turubai. Mtendaji wa kata amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, anatabasamu. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya ndoo, nikawaita mmoja mmoja. Kila mtu akatoa lake na kwenda kwenye foleni ya chakula, lakini sahani hazigawiwi mpaka ndoo iwe tupu. Hiyo pia ni sheria yangu. Wa mwisho nikatoa la kwangu, nikalitia mfukoni, nikachungulia.

Limebaki moja.

Nikatikisa ndoo. Nikaipindua. Likaanguka kwenye majani, jekundu, linaniangalia. Nikaona vitanda vile vinaondoka mbele ya macho yangu.

Anjela akaja na simu yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Koko, kwenye orodha yangu wote wamefika. Nimerudia mara mbili."

Nikamwambia, "Simu yako ina chaji, mwanangu, haina akili. Harage halidanganyi."

(Hayo nayo mtayasikia yakirudiwa.)

Nikapiga filimbi mara tatu, kama mpango unavyosema. Hakuna kula, hakuna kwenda nyumbani. Nikawagawa wenye miguu mizima wawili wawili warudi njia yote tuliyopanda, wengine mashambani, wengine kandokando ya mto. Waliniangalia mimi, wakaangalia sufuria la makande, wakaenda. Na wakati huo mlima ulikuwa umeshajifunika. Dakika kumi hazikupita, mvua ikashuka, ile ya baridi ya kule juu. Sikurudi nyuma. Mtu yuko nje ananyeshewa, nikae nile makande?

Mtendaji tabasamu limekwisha. Akapiga simu, wakaja askari wawili wa msitu na pikipiki yao, wamevaa makoti ya mvua. Mkubwa wao akatoa daftari.

"Aliyepotea ni mwanamume au mwanamke?"

Nikasema sijui.

"Umri?"

Sijui.

"Jina je?"

Nikasema hilo ndilo tunalitafuta.

Akafunga kalamu. "Sasa, Bibi, mmejuaje kama kuna mtu amepotea?"

Nikafungua kiganja nikamwonyesha harage.

Aliliangalia kwa muda. Akamwangalia mtendaji. Mtendaji akaangalia mlima. Lakini mimi sikuyumba, niliwaeleza mpango wote toka mwanzo, na nikaona yule askari anaanza kuamini. Akasema basi wataingia msituni, ila kwanza tutangaze, labda kuna ndugu yake hapa hapa. Wakaniletea kipaza sauti cha shule.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mnanijua nikishika kipaza sauti. Sikutangaza, nilihubiri. Nilisema mtu ametoka nyumbani asubuhi na mwenzake, na sasa mwenzake amekaa hapa chini ya turubai anasubiri sahani, wala hana habari. Nikasema ni aibu. Nikasema hata kuku anajua kifaranga chake kiko wapi. Nikasema, "Kama uko hapa na uliyekuja naye humwoni, simama uwaambie watu umemwacha wapi." Sauti yangu ilikuwa inafika mpaka bondeni. Baadhi ya watu waliinamisha vichwa. Mama mmoja alianza kukagua watoto wake.

Nashipai akaamka.

Nadhani ni makelele yangu. Alichungulia begani, akaona kile kidude cheusi, akakivuta mdomoni kwake, na akalia ndani yake kwa nguvu zote za miezi minane. Spika zote nne zikalia. Bonde likarudisha.

Nikamnyang'anya, nikawa nambembeleza huku nataka kuendelea na hotuba. Ndipo Mama Jyoti, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na raba zake mpya zimejaa tope, akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei.

"Koko, na huyu ulimtilia harage?"

Na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Ndugu zangu, nilitaka kusema hapana. Nimefundisha Shule ya Jumapili miaka kumi na tisa, ulimi ukakataa. Nikasema, "Nilimtilia." Spika nne zikasema: nilimtilia.

Hakucheka mtu. Hilo ndilo lililoniua. Wangecheka ningewakaripia. Anjela aligeuka taratibu, akaenda nyuma ya darasa la pili, akakaa huko kitambo, akarudi macho mekundu.

Kumbe wale niliowatuma mashambani walisikia kilio cha mtoto kwenye spika. Wakajua aliyepotea ni mtoto na ameshapatikana. (Hapo hawakukosea.) Wakaja mbio wanapiga vigelegele, wameloa chapachapa, yule mzee wa kwaya anaongoza wimbo wa shukrani. Wakafika wanahema, wanauliza amekutwa wapi, jamani, amekutwa wapi? Kila mtu ananiangalia mimi. Mimi naangalia makande.

Askari wa msitu akafungua tena daftari lake. Aliandika polepole na alisoma kwa sauti anayoandika, nadhani ni mazoea ya kazi: "Amepatikana akiwa mzima. Mahali: mgongoni."

Nikamfuata mtendaji. Niliona bora nife siku moja. Nikamwambia kosa ni langu, asiwaadhibu akina mama wa wodini kwa ajili ya kichwa changu. Nikamvulia filimbi nikamwekea mezani. Akaiangalia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Koko," akasema, "mimi nilisema asipotee mtu. Amepotea nani?"

"Hakuna."

"Basi mwakani kibali mnacho. Mwaka jana mlimpoteza mzee mkataka yaishe kimya kimya. Leo mmetafuta kata nzima kwenye mvua kwa ajili ya mtu ambaye hata hakupotea. Mimi usalama wa namna hiyo sijawahi kuuona."

Akanirudishia filimbi. Kisha akasema nimruhusu aende nyuma ya darasa la pili kidogo.

Jioni hii Upendo amerudi kutoka zamu. Kumbe kuna mtu alinirekodi, na video ilimfikia wodini kabla sijashuka mlimani. Anasema mama mmoja aliyekuwa anaumwa uchungu aliiona, akacheka, akajifungua. Mtoto wa kike. Wanataka kumpa jina langu, na mama yake hajapata hata kitanda cha peke yake.

Sasa sikilizeni. Jumatatu nitakuwa soko la Kilombero pale mjini kama kawaida yangu. Atakayenikuta anipe shikamoo, niitikie marahaba, apite. Asiniangalie mgongoni.