Uzinduzi wa Mradi wa Kusafisha Sauti za Kanda za Kale

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi. Mkurugenzi, Kaimu Mkurugenzi, na anayemkaimu Kaimu Mkurugenzi. Kamati ya Maandalizi na Kamati ya Kuandaa Kamati. Wadau wote, na nyinyi wananchi mliosimama nyuma kwa sababu viti ni vya wadau: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo nimemsalimu kwa jumla. (Makofi.)

Leo ni siku ya kihistoria, na historia yenyewe nimeiandaa mimi. Mtakumbuka tuliwatangazia mlete kanda zenu za kaseti, za harusi, za mahubiri, za wazee wakisimulia, ili ofisi yangu, kupitia mkakati jumuishi wa kidijitali wenye fremuweki endelevu na kapasiti-bildingi ya hali ya juu, izihamishie kwenye kompyuta na kuziondolea mvumo, mikwaruzo na ule mburuzo wa sauti kama ya mtu mwenye usingizi. Mkazileta, masanduku kwa masanduku. (Vigelegele kutoka meza kuu.)

Fundi wetu wa sauti alikuja na maneno yake ya kukatisha tamaa, eti kwanza itafutwe redio kaseti nzima, kanda ipigwe taratibu isije ikakatika, na mvumo upunguzwe kidogo kidogo, kwa sababu ukiuondoa wote, sauti ya mtu nayo inaondoka. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi sipunguzi, mimi natokomeza. Nina furaha kutangaza kwamba mvumo umekwisha kwa asilimia mia moja, na tathmini nimeifanya mwenyewe: nilitega sikio ofisini kwangu asubuhi nzima, sikusikia mvumo wowote. (Kicheko nyuma. Meza kuu inageuka kuangalia nani amecheka.)

Ndiyo, mama, nimeuona mkono wako.

(Bibi aliyesogea kutoka nyuma hadi karibu na jukwaa anasema: "Baba, mimi sina mengi. Kanda yangu ina sauti ya marehemu mwanangu, anaimba huku anafua. Sina nyingine. Naomba nimsikie tu.")

Swali zuri sana, linaonyesha jinsi mradi ulivyopokelewa ngazi ya chini. Lakini mama, kasha la kanda yako si umerudishiwa? Limefutwa vumbi, limebandikwa nembo ya ofisi na picha yangu. (Bibi analitikisa kasha. Halitoi mlio.) Mnasikia? Kimya kabisa. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa.

Sauti safi! (Meza kuu: "Mikono safi!") Kumbukumbu zenu! (Meza kuu: "Ziko kwetu!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu, ambao wangeajiriwa, na mashine, ambayo ingenunuliwa. Kipekee naishukuru Kamati ya Mapambo, ambayo ilipoona mashine haiji na masanduku yamejaa stoo, ilitumia ubunifu wake kuupamba ukumbi bila kununua utepe hata mmoja: haya mapambo ya kahawia mnayoyaona yanametameta, kutoka kwenye feni hadi madirishani, ni mali yenu wenyewe. (Ukumbi mzima unatazama juu.)

Na huu utepe wa mlangoni, ninaokwenda kuukata, nimeelezwa ni wa mama huyu huyu. Mama, njoo ushike ncha hii, uikaze kidogo.

(Bibi anaushika kwa mikono miwili, anauvuta kifuani.)

Usiukunje, mama, unyooshe. Mpiga picha, hakikisha mimi na mkasi tunaonekana.